Kuuteremka mto na tepu mkononi: wiki ya haidrolojia kwa vitendo

Jumatatu, juu kwenye mgongo wa bonde

Basi limetuacha pale njia ya gari inapokoma. Kutoka hapo tumepanda kwa miguu tukigawana mizigo: tepu, sanduku la kipima mkondo, madumu ya maji, ramani ya kontua (mistari ya mwinuko), na pete mbili za chuma zenye uzito wa kumkatisha mtu tamaa. Mafunzo ya wiki hii yamepangwa yafuate mto wenyewe. Tunaanza unapozaliwa, tunateremka nao, tunamalizia mji wa chini, mahali barabara inapouvuka kwa daraja la zamani na kijito cha pembeni kwa kalavati. Vyote viwili vinatakiwa kujengwa upya, nasi tumepewa swali moja tu: vipitishe maji kiasi gani?

Darasani swali la namna hiyo huisha kwa ukurasa mmoja. Mvua umepewa, eneo umepewa, kigawo (sehemu ya mvua inayotiririka juu ya ardhi) umepewa, unazidisha unapata jibu. Mimi nimekuja na hamu ya kujua hizo namba za kupewa hutoka wapi, na nani anazitoa.

Kazi ya leo ni kuchora mpaka wa bonde. Tumesimama juu ya mgongo wa mlima mahali ambapo tone likianguka upande huu litafika kwenye mto wetu, na likianguka upande wa pili linakwenda kwenye mto mwingine kabisa. Kwenye ramani mstari huo hupita vileleni na kuzikata kontua kwa pembe mraba, na mtu aliyezoea huuchora haraka. Lakini tulipoutembea tumekuta barabara ya msituni iliyochongwa ubavuni mwa mlima, na mfereji wake wa pembeni unakusanya maji ya upande wa pili, unayavusha kwenye uwazi wa mgongo na kuyamwaga huku kwetu. Ramani haiuonyeshi, maana ulichimbwa baada ya ramani kuchapishwa. Tumelipima eneo lile na kuliongeza kwenye bonde. Si kubwa, ila mvua yake itapita chini ya daraja letu kama nyingine yoyote.

Jioni mwalimu ametusimulia habari za Pierre Perrault, Mfaransa aliyechapisha kazi yake mwaka 1674. Zama hizo wasomi wengi hawakuamini kwamba mvua peke yake inaweza kulisha mito. Walidhani maji ya bahari hupanda kwa njia za chini ya ardhi hadi kwenye chemchemi. Perrault alichukua sehemu ya juu ya mto Seine, akakadiria mvua iliyoanguka kwa miaka mitatu na maji yaliyotoka mtoni, akakuta mvua ni karibu mara sita ya mtiririko. Kumbe mvua inatosha na kusaza. Kinachosazwa, yaani kinachorudi hewani, kinachonywewa na mimea na kinachozama ardhini, ndicho tunachokifuata kesho.

Jumanne, mvua na udongo

Asubuhi tumekagua kipima mvua. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita ya mraba, hesabu nyepesi sana. Ugumu uko kwenye kukinga. Mdomo wa chombo lazima ulale sawasawa. Mti au ukuta usiwe karibu kuliko mara mbili ya kimo chake. Upepo nao hupitisha matone juu ya mdomo yasiingie, kwa hiyo chombo husoma pungufu ya mvua iliyoanguka, na upepo ukizidi upungufu nao unazidi. Ndani ya hiki chetu mna vijiko viwili vinavyopokezana: kimoja kikijaa milimita 0.2 kinapinduka, kinamwaga, mwenzake anashika zamu, na kila mpinduko unaandikwa na saa yake. Tumeona jani moja limelala juu ya tundu la faneli. Jani hilo lingeweza kuifanya mvua kubwa ya nusu saa ionekane manyunyu ya saa nne, na kwa anayesanifu mfereji hizo ni mvua mbili tofauti kabisa ingawa jumla ni ile ile.

Nimepiga hesabu nyingine ambayo bado inanisumbua. Mdomo wa kipima mvua una kipenyo cha sentimita 20. Kikisimamia eneo la kilomita 50 za mraba, kinasemea eneo kubwa kuliko mdomo wake zaidi ya mara bilioni moja na nusu. Thiessen mwaka 1911 alitupa njia ya kugawana bonde kati ya vituo, kila kituo kichukue ardhi iliyo karibu nacho kuliko kituo kingine. Ni njia safi na tunaitumia. Haiwezi lakini kuleta mvua iliyoanguka katikati ya vituo viwili bila kugusa hata kimoja.

Mchana tumezifanyia kazi zile pete. Unazipigilia udongoni, ndogo ndani ya kubwa, unazijaza zote mbili, kisha unapima maji yanavyozama kwenye ile ya ndani. Ya nje ipo ili maji ya ndani yashuke wima, yasitawanyike pembeni. Tumepima kwanza chini ya miti, kwenye udongo uliofunikwa na majani makavu. Maji yalikuwa yakizama kasi hivi kwamba mwenzetu mmoja kazi yake ilikuwa kumimina tu. Kisha tukahamia kwenye njia ya ng'ombe, hatua chache kutoka hapo. Dakika za mwanzo maji yalishuka kidogo, halafu yakatulia. Tumekaa tukiyatazama. Udongo ni wa aina ile ile, mteremko ule ule. Kilichobadilika ni kwato.

Robert Horton alieleza mwaka 1933 kwamba mvua ikinyesha kwa kasi kuliko ardhi inavyoweza kuimeza, ziada ndiyo inayotiririka juu. Ardhi kavu huanza kwa pupa, kisha uwezo wake unapungua taratibu hadi kufikia kiwango kisichobadilika tena. Mkunjo huo nimeuchora mara nyingi darasani. Leo nimeuona ukijichora kwenye daftari langu, dakika baada ya dakika, na ile mistari miwili, wa msituni na wa njia ya ng'ombe, haikaribiani hata kidogo. Sasa ukiniuliza kigawo cha mtiririko cha bonde hili ni ngapi, nitakuuliza kwanza: upande gani?

Jumatano, ndani ya maji

Kituo cha kupimia kiko pale mto unaponyooka, maji yakienda sambamba na kingo bila kuzunguka. Rula za chuma zilizopakwa rangi zimesimikwa kando, zikipanda ngazi kwa ngazi hadi juu ya ukingo. Yupo mzee anayezisoma kila asubuhi na kila jioni, na ndiye aliyetupokea.

Mwenzetu aliinama kidogo, akatazama rula, akataja kina. Mzee akamshika bega.

"Maji hayasomwi ukiwa umesimama, mwanangu. Chuchumaa, jicho liwe sawa na uso wa maji. Halafu subiri. Yanapanda, yanashuka. Chukua katikati yake."

Tukachuchumaa. Tofauti ilikuwa sentimita tatu.

Kisha tukaingia mtoni kupima mtiririko wenyewe. Kanuni ya usalama imekuja kwanza: zidisha kina kwa mita na kasi kwa mita kwa sekunde, jibu likikaribia 1, toka. Tumetandaza tepu kutoka ukingo hadi ukingo na kuugawa mto katika mistari ya wima zaidi ya ishirini, ili mstari mmoja usibebe zaidi ya sehemu ya kumi ya maji yote. Kwenye kila mstari unapima kina, unashusha kifaa, unahesabu mizunguko ya panga lake kwa sekunde 60. Penye maji mafupi unapima kasi kwenye sehemu sita ya kumi ya kina kutoka juu, kwa sababu hapo ndipo kasi huwa karibu na wastani wa mstari mzima. Penye kina unapima mara mbili, kwenye mbili ya kumi na nane ya kumi, kisha unachukua wastani. Unasimama upande wa chini wa tepu na pembeni ya kifaa, miguu yako isiuvuruge mkondo unaoupima.

Kazi hii inachosha na ni nzuri ajabu. Katikati ya mto, maji yakikusukuma mapajani, unaanza kujua kwamba kasi si kitu kimoja. Kando ya ukingo wenye nyasi panga lilikuwa likizunguka kivivu. Hatua mbili mbele likazunguka mbio. Nyuma ya jiwe moja lilisita, likarudi nyuma kidogo, likaendelea. Namba moja ya mtiririko tuliyoandika mwisho, mita za ujazo kwa sekunde, imejumlisha yote hayo.

Kipimo kimoja kama hicho kinakupa nukta moja: kina fulani, mtiririko fulani. Ukipima mara nyingi, maji yakiwa machache na yakiwa mengi, unapata mkunjo, na kuanzia hapo mtu anayesoma kina asubuhi na jioni anakuwa amesoma mtiririko. Mwalimu ametuonyesha mkunjo wa kituo hiki. Nukta zimejazana chini, kwenye kina cha kawaida. Kadiri unavyopanda zinapungua, na juu ya mita 1.4 hakuna hata moja, kwa sababu maji yakifika hapo hakuna mtu wa kuingia. Mstari unaendelea juu peke yake, umechorwa kwa nukta nukta. Mafuriko yote makubwa ya kumbukumbu za kituo hiki yako kwenye sehemu hiyo ya nukta nukta. Yamesomwa kama kina. Mtiririko wake umekisiwa.

Mzee akatuletea madaftari yake. Nimekaa nayo hadi giza. Safu ya mwisho ni ya maelezo, na ameijaza kwa uaminifu mkubwa: "maji mekundu", "gogo limekwama chini ya rula, limetolewa", "nyasi nyingi". Nikafika kwenye msimu wa mafuriko makubwa. Kina kinapanda, kinapanda, halafu mstari mtupu na maneno haya: "Sikusoma, mto umevuka njia." Siku iliyofuata kina kinashuka.

Siku tunayoihitaji kuliko zote ndiyo haipo. Nilipomwuliza, mzee alisema asubuhi yake alikwenda na kopo la rangi akaweka alama kwenye mti, pale takataka na tope zilipokomea. Hakuna aliyemwagiza. Alama ipo mpaka leo, juu ya kichwa changu.

Alhamisi, mvua

Imenyesha tangu alfajiri. Hatuingii mtoni, tumesoma rula kila baada ya dakika 15, kwa zamu, tukichuchumaa kama tulivyofundishwa. Mvua kali ilikatika kabla ya saa nne asubuhi, mto ukaendelea kupanda hadi mchana. Huo muda kati ya mvua na kilele ni wa maji ya mbali kufika. Leroy Sherman mwaka 1932 aliligeuza jambo hili kuwa chombo cha kazi: ukijua bonde linavyoitikia kipimo kimoja cha mvua iliyotiririka, unaweza kujenga itikio la dhoruba nzima kwa kuzidisha na kujumlisha. Kupanda kulikuwa kwa haraka, kushuka kwa polepole, na maji yalibadilika rangi kabla hayajafika kilele.

Ijumaa, alama ya rangi na bwawa la kijito

Maji yamepungua. Tumeurudia mti wa mzee tukiwa na levo, darubini ya kulinganisha vimo, na fimbo ya kupimia. Alama moja haitoshi. Tunahitaji pia mteremko wa uso wa maji ya siku ile. Tumetafuta ushahidi kwenye kipande chote kilichonyooka: nyasi kavu zilizonasa kwenye uma wa matawi, mstari wa tope kwenye nguzo, magome yaliyochunwa na magogo yaliyopita. Tumeziunganisha, tumepima sura ya mto mahali kadhaa, na kilichobaki ni kanuni ya kukadiria mtiririko aliyoiwasilisha Robert Manning wa Ayalandi mwaka 1889, ambayo kila mwanafunzi wa uhandisi anaijua: eneo, mzingo uliolowana, mteremko, na ile n ya ukwaruzi, namba inayoonyesha sakafu na kingo zinavyoyazuia maji.

Hapo kwenye n tumebishana karibu saa nzima. Mfereji laini wa zege una 0.013 na hakuna ugomvi. Mto wa asili ulio safi na ulionyooka huwa karibu na 0.030. Huu wetu una mawe, kingo zenye vichaka, na upande mmoja maji yakipanda yanaingia kwenye miti. Kundi moja likasema 0.035, jingine 0.050. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uiingize kwenye hesabu: mtiririko wa kundi la pili ni pungufu kwa asilimia 30. Tumekubaliana kuugawa mto, mkondo mkuu na n yake, upande wa miti na yake, na kuandika jibu kama kati ya namba hii na hii. Ukweli wa kipimo chetu uko katikati ya hizo mbili, na anayesoma ripoti ana haki ya kuziona zote.

Mchana tumepita kwenye bwawa dogo la kijito cha pembeni. Nimetazama utoro wake wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ya bwawa la South Fork huko Pennsylvania. Wenye bwawa lile walikuwa wameteremsha kimo cha tuta, na wakaweka nyavu kwenye utoro ili samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilileta takataka, nyavu zikaziba, maji yakapita juu ya tuta la udongo na kulikata. Katika mji wa Johnstown na vitongoji vyake walikufa watu 2,209. Hapa kwetu tumekuta shina moja la mti limelala mdomoni mwa utoro, limeletwa na mvua ya jana. Tulilivuta kwa kamba watu sita, na mwangalizi wa bwawa amekubali kuukagua baada ya kila mvua kubwa.

Usiku tumepanga kilele cha kila mwaka kutoka kikubwa hadi kidogo, pamoja na kile tulichokipata leo kutoka kwenye mti. Kuna kumbukumbu za miaka 30 hivi, nasi tunatakiwa tuseme habari ya mafuriko ya miaka 100. Tumetumia mgawanyo wa Gumbel, njia ya takwimu ya kukisia vilele vikubwa kuliko vilivyo kwenye kumbukumbu. Emil Gumbel alikuwa mwanatakwimu wa Kijerumani aliyehesabu hadharani mauaji ya kisiasa ya nchi yake, akaondolewa chuo kikuu cha Heidelberg mwaka 1932, na miaka michache baadaye hesabu zake za viwango vya kupita kiasi zikaingia kwenye mito. Ninapenda kukumbuka kwamba mtu huyo hakuogopa namba.

Watu wengi husikia miaka 100 wakadhani mafuriko hayo yakishapita yamewaachia karne ya amani. Maana yake ni nafasi ya asilimia 1 kila mwaka, mwaka huu na ujao vile vile. Daraja la kudumu miaka 50 lina nafasi ya asilimia 39 hivi ya kukutana nayo angalau mara moja. Tena miaka haifuatani kwa kubahatisha tu. Harold Hurst, aliyefanya kazi Misri tangu mwaka 1906, alipochambua kumbukumbu ndefu za mto Naili alikuta miaka ya maji mengi huja kwa makundi, na ya ukame vivyo hivyo. Miaka 30 yetu inaweza kuwa imeangukia ndani ya kundi moja.

Jumamosi, barabarani

Tumefika mji wa chini. Kalavati la kijito ndilo lililotuonyesha mengi. Chukua eneo la hekta 40 na mvua ya milimita 60 kwa saa. Likiwa la mashamba na vichaka, kigawo 0.3, kilele ni mita za ujazo 2 kwa sekunde. Likijaa mabati na lami, kigawo 0.8, kinakuwa 5.3. Na si kigawo pekee kinachopanda. Maji yakipita kwenye lami hufika haraka, muda wa kukusanyika unapungua, kwa hiyo unalazimika kutumia mvua ya muda mfupi zaidi, na mvua fupi ndiyo kali. Namba mbili za kanuni moja zinapanda pamoja. Kalavati la zamani lilisanifiwa kwa kijito cha mashambani. Leo nimezunguka juu yake na sikukuta shamba. Tumelichukulia eneo kama litakavyokuwa likishajengwa lote, si kama lilivyo sasa.

Kwenye daraja la mto tumetumia namba kubwa kati ya zile mbili tulizopata kutoka kwenye mti wa mzee, kisha tumeacha nafasi kati ya maji ya kilele na tumbo la daraja ili magogo yapite. Tulipomwonyesha mwalimu, hakugusa hesabu. Ameuliza kitu kimoja: "Mvua ikizidi hiyo mliyochagua, maji yatapita wapi?"

Tumerudi barabarani na levo. Upande wa kulia kuna nyumba hadi ukingoni. Upande wa kushoto kuna uwanda wa nyasi usiojengwa. Tumeishusha barabara upande huo kwenye mchoro, chini ya kimo cha sakafu za nyumba na cha daraja, na kuifunika miteremko yake kwa mawe, ili maji ya ziada yavuke hapo, barabara ifungwe kwa saa chache, na daraja libaki. Tumeweka pia rula mpya kwenye nguzo, moja inayosomeka kutoka ukingo wa juu hata njia ikiwa imezama.

Ripoti inaanza kuandikwa Jumatatu. Ukurasa wake wa kwanza unaeleza kila namba imetoka wapi: ipi imepimwa, ipi imekisiwa, ipi imetoka kwenye daftari la msoma rula na kopo lake la rangi.